Siku Moja ya Kutembea na Kuogelea Cinque Terre: Mwongozo kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Kila ikifika Mei, simu yangu haitulii. Huyu ni binamu aliyekuja Milano kwenye maonyesho ya biashara, yule ni rafiki wa dada yangu anayesoma Ujerumani, na wote wanauliza jambo moja: "Tuna siku moja tu ya mapumziko, tunataka vile vijiji vya rangi rangi vilivyoning'inia juu ya bahari huko Italia. Twende vipi?" Halafu yanafuata yale mengine. Viatu gani? Kuna ufukwe wa kweli au ni mawe matupu? Asiyejua kuogelea afanye nini? Mama ana miaka sitini, ataweza?

Mimi naishi La Spezia, mji ambao ndio mlango wa Cinque Terre, na wageni niliowapeleka kule ni wengi. Majibu yote nimekuwa nikiyatoa kwa sauti za WhatsApp, mmoja mmoja. Sasa nayaweka kwa maandishi, hatua kwa hatua, ili uyasome ukiwa bado nyumbani na si ukiwa umesimama stesheni na begi mgongoni.

Mpango wangu ni mmoja na siubadilishi: asubuhi miguu, mchana maji. Wengi hufanya kinyume. Wanafika saa nne, wanavutiwa na bahari, wanaogelea kwanza, halafu saa saba mchana ndipo wanaanza kupanda ngazi, ngozi imejaa chumvi na jua liko utosini. Hao ndio ninaowakuta wamekaa kando ya njia wakipumua kwa taabu.

Machache ya kujua kabla

Cinque Terre maana yake ni Ardhi Tano. Ni vijiji vitano kwenye pwani ya Liguria. Ukitokea La Spezia vinafuatana hivi: Riomaggiore, Manarola, Corniglia, Vernazza na Monterosso. Vimo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1997, na mwaka 1999 eneo zima likafanywa hifadhi ya taifa. Treni inapita vyote, sehemu kubwa ndani ya mahandaki, na kutoka kijiji kimoja hadi cha pili ni dakika chache tu. Njia ya miguu ya pwani huitwa Sentiero Azzurro, na kwenye vibao utaiona kwa namba 592 na alama za rangi nyekundu na nyeupe zilizopakwa kwenye mawe.

Pwani hii inatazama kusini-magharibi, na milima iko nyuma yake. Kwa hiyo asubuhi na mapema sehemu nzuri ya njia bado iko kivulini. Ikifika mchana, hakuna pa kujificha. Hii ndiyo sababu nasisitiza kuamka mapema.

Jambo la pili ni kwa sisi wa Pwani. Mama yangu mdogo, mzaliwa wa Pangani, alisimama gatini Vernazza akautazama mwamba ulio mbele kidogo, akaniuliza, "Maji yanapwa saa ngapi, nivuke?" Hayapwi, mama. Bahari ya Mediterania hapa inapanda na kushuka kidogo sana, sentimita thelathini hivi au pungufu, kwa shida utaiona kwa macho. Hakuna bamvua, hakuna kungojea maji yatoke. Kina unachokiona asubuhi ndicho utakachokikuta jioni, na mara nyingi ni kina kirefu hatua chache tu kutoka ukingoni. Usitegemee kutembea mita mia mbili maji yakiwa magotini kama Jambiani au Diani.

Vitu vya kuwa navyo

- Viatu vya kufunga vyenye soli ya meno. Raba nzuri zinatosha. Ndala hapana, na nitaeleza kwa nini.
- Maji lita moja na nusu hadi mbili kwa kila mtu. Vijijini kuna mabomba ya umma ya kujazia chupa. Kibao kikisema *acqua potabile*, kunywa. Kikisema *non potabile*, acha.
- Kofia pana na mafuta ya kukinga jua. Ngozi nyeusi nayo inaungua, hasa mabega na pua, kwa sababu jua la juu linaongezwa na lile linalorudishwa na maji.
- Kanga au leso mbili. Sijaona kitu bora kwa safari hii. Moja ni taulo, ni kivuli, ni mkeka. Nyingine ni chumba cha kubadilishia nguo. Inakauka upesi na haina uzito.
- Nguo ya kuogelea, uivae ndani tangu asubuhi. Kwa dada zetu wanaovaa vazi la stara la kuogelea: Italia haina sheria ya nchi nzima inayolikataza. Likiwa ni la kitambaa cha kuogelea na si gauni la pamba, uko salama zaidi pia, maana pamba iliyolowa inakuvuta chini.
- Viatu vya mpira vya majini, kama unavyo. Chini ni kokoto na miamba.
- Mfuko usiopitisha maji wa simu, pasipoti na pesa.
- Plasta za malengelenge.
- Chakula kidogo cha mkononi: ndizi, lozi, mkate.
- Kadi ya Cinque Terre. Ziko za aina mbili: ya njia peke yake, na ya njia pamoja na treni. Chukua ile yenye treni. Inakupa safari zote za siku hiyo za treni za mkoa kati ya La Spezia na Levanto, daraja la pili, na vyoo vya stesheni vimo humo. Bei hubadilika kwa msimu, kwa hiyo itazame unaponunua. Inapatikana kwenye intaneti na kwenye ofisi za hifadhi zilizo stesheni.

Miezi mizuri kuliko yote ni Juni na Septemba. Mei njia ni nzuri mno, maua kila mahali, lakini maji bado yana baridi ambayo mtu wa Mombasa hajawahi kukutana nayo baharini. Julai na Agosti bahari ina joto zuri, ila watu ni wengi na jua ni kali. Binafsi ningechagua wiki mbili za kwanza za Septemba.

Hatua

1. Usiku wa kuamkia safari, thibitisha njia iko wazi.

Ingia kwenye tovuti ya hifadhi uone hali ya njia. *Aperto* ni wazi, *chiuso* imefungwa. Pwani hii inaporomoka kirahisi. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua ya saa chache ilishusha tope na mawe hadi ndani ya maduka ya Vernazza na Monterosso, na watu walipoteza maisha. Mwaka uliofuata mawe yaliangukia watalii kwenye Via dell'Amore, ile njia fupi ya Riomaggiore hadi Manarola, nayo ikakaa imefungwa hadi 2024. Tahadhari ya hali ya hewa inapotolewa na njia zikafungwa, usitafute uchochoro wa kupitia. Angalia na mawimbi pia. Siku inaweza kuwa na jua zuri na bahari ikawa imechafuka kwa upepo wa juzi.

2. Panda treni ya mapema kwenda Monterosso.

Kutoka La Spezia Centrale ni kama dakika 20 hadi 25. Lenga kuwa Monterosso saa moja na nusu asubuhi. Angalia hapa: ratiba zao zimeandikwa kwa saa 24, na 07:30 ndiyo saa moja na nusu yetu. Nina rafiki aliyesoma 01:30 akadhani ni hiyo, tukapoteza asubuhi nzima.

Ukitumia tiketi ya karatasi, igonge kwenye kimashine kilicho ukutani kabla ya kupanda. Kadi ya karatasi iandike jina lako. Mkaguzi hasikilizi hoja ya "sikujua", na faini yake inauma.

Unaweza pia kuanzia mbali. Kutoka Pisa hadi La Spezia ni kama saa moja kwa treni. Kutoka Firenze ni kama saa mbili na nusu. Milano ni saa tatu au zaidi, na kwa mtu wa Milano ningesema njoo ulale La Spezia usiku mmoja, vinginevyo hutaziwahi saa za kivuli.

3. Vuka kwenda mji wa zamani, kula, nenda chooni.

Stesheni ya Monterosso iko upande mpya, uitwao Fegina, mbele kabisa ya ufukwe. Utatamani kubaki. Usibaki, tutarudi. Geukia kushoto ukiwa unaitazama bahari, pita handaki la watembea kwa miguu, na baada ya kama dakika kumi uko mji wa zamani. Ingia duka la mkate ununue *focaccia*, mkate bapa wenye mafuta ya zeituni na chumvi, mmoja wa kula sasa na mmoja wa njiani. Wakiwa na *farinata*, ambayo ni chapati nene ya unga wa dengu iliyookwa, chukua. Inashibisha na haina nyama. Ndugu Waislamu, maneno ya kuepuka kwenye mkate uliojazwa ni *prosciutto*, *salame*, *speck* na *lardo*. Yote ni nguruwe.

4. Anza kupanda.

Njia inaanzia mwisho wa mji wa zamani, upande wa mashariki. Kuna kibanda cha kukagua kadi. Kutoka hapo hadi Vernazza ni kama kilomita tatu na nusu, na mtu wa kawaida anatumia saa mbili. Usidanganyike na umbali, ukasema "mimi kilomita tatu natembea kwenda sokoni". Hapa ni ngazi za mawe, mamia kadhaa zikifuatana mwanzoni kabisa, nyingine fupi kama kitabu, nyingine zinakufika gotini, hakuna mbili zinazolingana.

Nenda polepole kuliko unavyotaka. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, punguza mwendo. Dakika thelathini za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, na ukizivuka kwa utaratibu kilichobaki ni raha tupu.

Kuhusu ndala. Mpwa wangu alikuja na ndala za ngozi, nzuri, mpya, akaniambia mwenye nyumba aliyompangisha amemhakikishia kwamba zinafaa. Tulifika kwenye ngazi moja iliyolowa, maji ya mlimani yanatiririka juu ya jiwe kama mafuta. Kamba ya kidole ikachomoka. Mguu ulitangulia mbele, ndala ikabaki nyuma, naye akakaa chini kwa kishindo, kiganja kimechunika, kidole gumba cha mguu kimefumuka ukucha. Pembeni kulikuwa na ukuta mfupi. Bila huo ukuta sitaki kuwaza. Mwaka 2019 hifadhi ilitangaza faini kwa wanaoingia njia hizi na ndala au viatu visivyofaa, kuanzia euro 50 hadi 2,500. Mimi sizungumzii faini nikiwa na wageni. Nawaonyesha picha ya kile kidole.

5. Njiani: kaa upande wa mlima, na usiguse kuta.

Sehemu nyingi njia inatosha mtu mmoja. Mkikutana na wanaokuja, wewe egemea upande wa mlima na mwache mwenzako apite, au subiri panapopanuka. Usirudi nyumanyuma kuelekea upande wa bahari ili upige picha. Simama kwanza, panga miguu, ndipo uinue simu.

Siku za msongamano mkubwa, hasa sikukuu za majira ya kuchipua, hifadhi huamuru watu waende upande mmoja tu, kutoka Monterosso kwenda Vernazza. Ndiyo sababu nyingine ya kuanzia huku.

Utaona matuta ya mizabibu na milimau yaliyoshikiliwa na kuta za mawe yasiyo na saruji. Zitazame vizuri. Jiwe limewekwa juu ya jiwe, matupu, kizazi baada ya kizazi, na ndizo zinazozuia mlima mzima usiteremke baharini. Ufundi huu wa kujenga kwa mawe makavu uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2018, Italia ikiwa moja ya nchi zilizoupeleka. Unapokaa juu ya ukuta kupumzika, unalegeza jiwe, na mvua ijayo italichukua na majirani zake. Kaa kwenye ngazi. Na limau usichume. Ni shamba la mtu, na wengi wao ni wazee wanaolima kwa mkono. Kile kireli kimoja chembamba kinachopanda mlimani ni chao, cha kubebea zabibu.

6. Teremka Vernazza ukitunza magoti.

Baada ya kama saa moja na nusu, njia inapinda na Vernazza yote inakuwa chini yako: mnara wa ngome, bandari ndogo, mashua zimevutwa nchi kavu. Kila mtu anasimama hapo. Wewe pia simama, kunywa maji, kaza kamba za viatu. Mteremko unaofuata ndio unaoangusha watu, kwa sababu miguu imechoka na macho yako kwenye mandhari. Shuka upande upande kama magoti yanauma.

7. Kuoga kwa kwanza: bandari ya Vernazza.

Kaa dakika ishirini kivulini kwanza. Mwili uliochemka ukitupwa ghafla kwenye maji baridi unashtuka, pumzi inakatika, na hapo ndipo mtu anayejua kuogelea anapokunywa maji. Kanisa la Santa Margherita liko pale pale ukingoni mwa maji, limesimama tangu 1318, na kivuli chake kinatosha.

Ufukwe wa hapa ni kipande kidogo ndani ya bandari. Ingia kwa miguu, usiruke. Chota maji upake kisogo, kifua na mikono, simama maji yakiwa kiunoni mpaka pumzi itulie, ndipo ujilaze. Kaa karibu na ufukwe, mbali na gati na kamba za mashua, maana meli za abiria zinaingia hapo na nahodha haoni kichwa cha mtu kwa urahisi. Dakika kumi na tano zinatosha. Hii ni ya kutoa jasho tu.

Kisha jifunge kanga kabla ya kuingia mitaani. Watu wanaishi hapa, bibi anatoka kanisani, na kupita mbele yake na nguo ya kuogelea peke yake si adabu kwao kama isivyo kwetu.

8. Amua: Corniglia au la.

Kama bado ni kabla ya saa nne na nusu, maji yapo na miguu inakubali, endelea hadi Corniglia, kama saa moja na nusu nyingine. Kama yoyote kati ya hayo matatu halipo, achana nayo. Corniglia iko karibu mita mia moja juu ya bahari, ndicho kijiji pekee ambacho meli haifiki, na kutoka kijijini hadi stesheni unashuka ngazi 382. Ni pazuri. Lakini siku hii ni ya bahari pia, na nimeona watu wakiimaliza nguvu yote Corniglia halafu wakalala ufukweni kama magunia.

9. Rudi Monterosso kwa treni.

Kutoka Vernazza ni dakika tano. Angalia kibao, si kila treni inasimama kila kijiji. Na ukija Vernazza kwa treni siku nyingine, kumbuka kwamba stesheni yake ni fupi: mabehewa ya nyuma yanaweza kusimama ndani ya handaki, gizani. Wageni hudhani hawajafika, wanabaki wamekaa. Soma jina, bonyeza kitufe cha mlango mwenyewe, teremka, fuata watu kuelekea kwenye mwanga.

Ukipenda, panda meli badala ya treni. Tiketi yake ni nyingine, haimo kwenye kadi, lakini kuitazama njia uliyoitembea asubuhi ukiwa baharini ni jambo ambalo wageni wangu hulikumbuka kuliko picha zote.

10. Kuoga kwenyewe: Fegina.

Huu ndio ufukwe mkubwa kuliko yote ya vijiji vitano, mchanga uliochanganyika na kokoto. Miavuli iliyopangwa kwa mistari ni ya kulipia. Tafuta kibao cha *spiaggia libera*, hapo ni bure, tandika kanga yako. Mwisho wa ufukwe kuna sanamu kubwa ya mungu wa bahari wa Warumi, kama mita 14, imetengenezwa 1910, imebebwa na mwamba. Ni alama nzuri ya kukutania mkipotezana.

Kabla ya kuingia, simama dakika tano uangalie haya:

- Bendera. Nyeupe ni salama. Nyekundu ni hatari, au hakuna mwokoaji. Nyekundu ikipepea, usiingie, hata ukiona wenyeji wameingia.
- Mawimbi yanapovunjikia. Yakivunjikia pale pale ukingoni kwa kishindo, yanaweza kukuangusha na kukuburuta kwenye kokoto wakati wa kutoka.
- Maboya. Baki ndani yake. Nje ni njia ya vyombo.
- Neno *divieto di balneazione*. Maana yake hairuhusiwi kuogelea hapo.

Ogelea sambamba na ufukwe, usielekee bahari kuu. Kila unapovuta mikono ishirini, inua kichwa uone kanga yako iko wapi.

Kama hujui kuogelea, sikiliza. Maji yakufike kiunoni, yasizidi, na mtu anayejua kuogelea awe upande wa bahari, wewe upande wa nchi. Chini panateremka ghafla hapa, hatua moja uko kifuani, ya pili hugusi. Lile boya la kitoto lenye picha ya bata si kifaa cha uokoaji. Upepo wa nchi kavu unalisukuma nje haraka kuliko mtu anavyoweza kulifuata. Kuoga kiunoni ni kuoga kamili, na hakuna anayekutazama.

Kuruka kutoka miambani: wageni vijana wote huniomba, hasa Manarola. Jibu langu ni kwamba usiruke mahali ambapo hujazama mwenyewe ukagusa chini na kuona kina. Na kokoto uliyoipenda irudishe. Kuchukua mchanga na mawe ya ufukweni ni kosa kisheria Italia, na bahari hii yote ni eneo tengefu.

Mambo yakienda mrama

*Njia imefungwa kwa maporomoko, lakini hali ya hewa ni nzuri.* Nenda Levanto utembee kutoka huko hadi Monterosso, kupitia rasi ya Mesco. Ni ndefu zaidi, saa mbili na nusu hadi tatu, ila haidai kadi na inaishia ufukwe ule ule.

*Kichwa kinauma, unahisi kichefuchefu, jasho limekatika.* Ni joto. Kaa kivulini, lowanisha kanga ujifunike kichwa na shingo, kunywa kidogo kidogo. Mtu akianza kuongea yasiyoeleweka, piga 112 mara moja, usingoje apate nafuu.

*Kifundo cha mguu kimeteguka katikati ya njia.* Usijikokote kwenye ngazi. Piga 112, wape mahali ulipo kutoka kwenye ramani ya simu, na mtume mpita njia aarifu kibandani. Dharura ya baharini ina namba yake, 1530, walinzi wa pwani.

*Umeumwa na yavuyavu.* Wa huku mara nyingi ni mdogo, wa zambarau. Toka majini bila kukurupuka. Suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, na usisugue kwa mchanga. Mabaki yake yakwangue kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Ule ushauri wa kukojolea, uache kabisa. Ukiona uvimbe wa uso au pumzi inabana, 112.

*Umekanyaga yule mnyama wa miiba myeusi wa mwambani.* Toa miiba inayoshikika kwa kibano, loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi unachostahimili. Iliyozama usiichokoe kwa sindano chafu; mwonyeshe mfamasia, duka lenye msalaba wa kijani.

*Msuli umekaza ukiwa majini.* Geuka ulale chali, pumua, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako. Inua mkono mmoja umwite mtu. Usipigane na maji.

*Treni ya jioni imejaa, mlango haufungiki.* Jua likizama kila mtu anaondoka. Kula kwanza. Agiza *acciughe*, dagaa wa baharini ambao Monterosso inasifika kwao, wenye limau na mafuta ya zeituni. Baada ya saa moja utapata kiti. Ila jua saa ya treni yako ya mwisho kabla ya kukaa mezani, si baada.

Na mama wa miaka sitini? Mama yangu mdogo, yule wa Pangani, ana sitini na mbili. Hakupanda zile ngazi. Tulimpa treni ya baadaye hadi Vernazza, akashuka pale gatini na focaccia yake na leso yake, akatungoja. Kutoka kwenye ile kona ya juu gati lote linaonekana. Ukimwacha wako, mwambie avae leso ya rangi kali, nyekundu au manjano, ili mkifika pale mumpungie mkono.